Kutubu Dhambi ya Mwenzako

Jumatatu, 2 Septemba
Wanafunzi wa muhula huu wamepanda mlima leo. Ni kumi na wanne, kila mmoja na godoro lake kichwani na matope hadi magotini. Mvua imewahi mwaka huu. Kanoni Zabuloni, mkuu wa shule yetu ya wainjilisti, amewaombea dakika arobaini pale uani wakiloa, akasema mvua ni baraka. Yeye alikuwa amesimama barazani.

Mimi nilikaa mezani kuandika majina. Wa kumi na moja alikuwa msichana mrefu, kidevu kimetangulia.

"Jina?"

"Ninsiima, Mwalimu."

"Umetokea wapi?"

"Kashekyera. Baba ni Kasisi Ezira. Mama ni Erivaida, yule kiongozi wa akina mama. Huenda unawafahamu."

Huenda ninawafahamu! Nimeliandika jina lake vizuri kabisa, bila doa la wino. Kisha nikamwelekeza kitanda cha kona, pale paa linapovuja.

Jumanne, 3 Septemba
Nimelala vibaya. Natumaini yeye amelala vibaya zaidi.

Jumatano, 4 Septemba
Daftari hili nililinunua niandike maombi. Basi na haya Mungu ayapokee kama maombi, maana sina mengine.

Sisi walokole tuna desturi yetu. Mwenye dhambi husimama katikati ya ndugu, huiweka nuruni, na yule aliyemkosea humwendea na kumkumbatia, kisha tunaimba. Desturi nzuri. Nimeona waume waliowakimbia wake zao wakirudi kwa desturi hiyo, na ndugu waliogombania matuta ya viazi wakilima pamoja tena. Lakini ina mlango wa nyuma, na Erivaida aliugundua akiwa na miaka ishirini na mitatu tu.

Ilikuwa mwaka sabini na nne. Mimi nilikuwa nimechumbiwa na Ezira, wakati huo mwinjilisti kijana mwenye sauti ya kuimba iliyowatoa watu machozi. Ng'ombe wawili wa mahari walikuwa tayari kwetu, wamezoea zizi. Na nilikuwa nimechaguliwa, msichana peke yangu, kwenda kusomea kazi ya Mungu. Jumapili moja Erivaida akasimama katika ushirika.

"Ndugu zangu, namlilia Yesu. Nimemchukia dada yangu Eseza, kwa sababu nilimwona alfajiri akitoka nyumbani kwa mwalimu wa shule, viatu mkononi."

Akalia machozi ya kweli. Sijawahi kuingia katika nyumba ile mpaka leo. Lakini dhambi iliyotajwa ilikuwa chuki, na chuki ilikuwa yake, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa ametubu na mimi ndiye niliyetakiwa kusamehe. Nikaenda nikamkumbatia! Ningefanya nini? Ukikataa, una kiburi. Ukisema ni uongo, unamhukumu ndugu aliyetubu. Watu wakaimba, na huku wanaimba wananitazama miguu.

Wiki ya pili wajomba wa Ezira wakaja kuchukua ng'ombe wao. Ndugu wakaniita: "Eseza, mwenzako ametubu, na wewe tubu." Nikasema sina la kutubu. Wakaninyamazisha miaka miwili, nisiombe wala nisishuhudie mbele ya watu. Nafasi yangu ya masomo akapewa mwingine. Mwaka uliofuata Ezira akamwoa Erivaida.

Sikuolewa. Niliposomea kazi hii nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimekaa na watoto wa watu darasani kama bibi yao. Na leo Erivaida ameniletea mwanawe nimfundishe. Aliye juu mngoje chini, na mimi nimengoja miaka ishirini na miwili.

Alhamisi, 12 Septemba
Mahubiri ya majaribio. Tumwine alipiga kelele mpaka ng'ombe wa jirani wakajibu. Ninsiima alihubiri juu ya mjane na mafuta yake, dakika kumi na mbili, bila karatasi. Darasa lilinyamaza, hata wale wanaokohoaga.

Nimempa arobaini na mbili. Nilitafuta kosa nikalipata: alitanguliza mguu mmoja mbele.

Ijumaa, 13 Septemba
Viazi na maharagwe. Mvua.

Alhamisi, 19 Septemba
Kanoni ameniita. Mwaka huu dayosisi itampeleka mmoja tu katika chuo cha uchungaji, na itafuata barua yangu mimi, kwa kuwa ninawafundisha kuhubiri na ninatoka nao kutembelea watu.

"Yule binti wa Ezira unamwonaje?" akauliza.

"Bado mchanga."

"Ana karama, Mwalimu."

"Hata Yuda alikuwa na karama ya kutunza mfuko, Kanoni."

Akacheka, akafikiri natania. Kumbe sasa najua kamba imo mkononi mwangu. Nikitaka nitaivuta.

Jumamosi, 21 Septemba
Kyarisiima, mpishi wetu, tuliokotana siku za msiba wangu na hajaniacha tangu hapo. Anajua yote. Leo tulikuwa tunamenya viazi, akaniangalia weee, akasema:

"Kinyongo chako kingekuwa mtama, shule nzima ingekunywa uji mpaka Julai."

"Nyamaza umenye."

"Namenya. Msichana amekukosea nini?"

"Kidevu."

"Loo! Basi umkate."

Ijumaa, 27 Septemba
Leo nilifundisha namna ya kuongoza ushirika. Nikawaambia: kiongozi hamkatizi anayetubu, hamuulizi swali, hamsukumi mtu kutubu. Anangoja. Basi Ninsiima akanyoosha mkono.

"Mwalimu, na mtu akitubu dhambi ya mwenzake?"

"Unasema nini?"

"Kwetu nimewasikia wengi. Mtu anasema, 'Nimemchukia fulani kwa sababu ni mwizi.' Ile chuki ni mstari mmoja, lakini ule wizi unasimuliwa robo saa. Hiyo ni toba au ni umbea?"

Darasa likaangua kicheko. Tumwine akagonga dawati. Mimi chaki ilinivunjikia mkononi. Swali hilo nimelibeba ndani ya tumbo miaka yote hii, sijawahi kulisikia likitoka katika kinywa cha mtu mwingine, na kinywa chenyewe ni cha mtoto wa Erivaida.

Nikasema tutalijadili siku nyingine. Nikatoka kabla ya kengele.

Alhamisi, 3 Oktoba
Mvua. Tuta la juu la bustani ya shule limeporomoka na kabichi zote. Kanoni ameliombea.

Jumatatu, 7 Oktoba
Paa la bweni la wasichana limezibwa. Sikuagiza mimi. Ninsiima alipanda mwenyewe na lami na kipande cha gunia, sketi imefungwa kiunoni. Anauliza kama na la ofisini kwangu linavuja.

Jumanne, 15 Oktoba
Nimepata.

Tulikuwa kwenye ziara ya wagonjwa, mimi na Ninsiima peke yetu, maana mwenzake ana malaria. Mvua ya mawe ikatukuta katikati ya mlima, tukajibanza katika ghala la viazi la mtu. Tukakaa juu ya magunia. Akasema:

"Mwalimu, nina jambo. Nataka niliweke nuruni kabla ya kusimikwa, ila sijui kama ni langu."

Nikamwambia aseme.

Mwaka jana baba yake aliugua tumbo miezi mitano. Hospitali ikashindwa. Mama yake, kiongozi wa akina mama, yule yule anayewafukuza wake za watu kwenye kamati kwa kuvaa hirizi, akamchukua mumewe kwa mtumbwi hadi ng'ambo ya ziwa kwa mganga. Ninsiima ndiye aliyembeba kuku mweusi. Alimshikilia akichinjwa. Baba alipona, na Jumapili ile mama akashuhudia kanisani kwamba ni maombi peke yake.

"Nilimbeba kuku kwa mikono hii," akasema. "Na kwa mikono hii nataka kuhudumia meza ya Bwana. Nikisema, mama ataumbuka. Nisiposema, nitasimamaje?"

Alikuwa analia. Nilimshika bega. Mungu wangu, nilimshika bega, na moyoni nilikuwa nacheza!

"Usiseme kwa yeyote," nikamwambia. "Ngoja. Nitakwambia mimi wakati ukifika."

"Asante, Mwalimu."

Akanishukuru!

Jumatano, 16 Oktoba
Siku ya kusimikwa wazazi wote huja. Ushirika hukaa asubuhi kabla ya ibada, na mtu yeyote aweza kutubu. Nitasimama. Nitalia kama alivyolia.

"Ndugu zangu, namlilia Yesu. Nimemchukia dada yangu Erivaida, kwa sababu nimejua kwamba alimpeleka mumewe kwa mganga, na kuku mweusi."

Kisha nitafungua mikono aje anikumbatie. Na asipokuja, ana kiburi.

Alhamisi, 17 Oktoba
Nimebadilisha "nimejua" nikaweka "nimesikia". Inasikika kwa unyenyekevu zaidi.

Jumatatu, 28 Oktoba
Viazi. Nimejaribu kuisema mbele ya kioo bila kutabasamu, nikashindwa. Kesho nitajaribu tena. Mungu anisamehe, ila asiharakishe.

Jumatano, 6 Novemba
Leo tulikuwa na mazishi huko bondeni, karibu na mafunjo. Mtoto wa siku nne. Mwanafunzi anayesimamia zamu ni Ninsiima, mimi nimekwenda kumpima.

Tulifika mvua inanyesha siku ya tatu. Mama wa mtoto ni msichana wa miaka kumi na saba, hana mume. Mwinjilisti wa pale, mzee mmoja mnene aitwaye Yoramu, alikuwa amesimama mlangoni pa kanisa na ufunguo mfukoni.

"Hakubatizwa," akasema. "Kengele haigongwi. Na mama mwenyewe hayuko katika ushirika, kila mtu anajua. Atubu kwanza, ndipo tuzike."

Watu wakainamisha vichwa. Msichana alikuwa amekaa chini, maziwa yameloanisha gauni. Akaanza kujikokota asimame, ndiyo, atubu, mbele ya watu wote, mtoto wake yuko ndani ya boksi la sabuni. Nilitaka kusema neno, lakini mimi ni mpimaji, nina karatasi mkononi, na ukweli ni kwamba niliogopa. Mtu aliyenyamazishwa miaka miwili hujizoesha.

Ninsiima akaenda akamkalisha msichana chini tena, taratibu, akamfunika na shuka lake. Kisha akamgeukia Yoramu.

"Mzee wangu, toba haiombwi. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa na Mwalimu Eseza, na yuko pale, muulize."

Yoramu akanitazama. Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kengele bila ufunguo utaigongaje?" akasema yule mzee, anacheka.

"Sina haja nayo. Hawa wote wana vinywa."

Akaanza wimbo. Watu wakadaka.

Tukafika kaburini tukakuta limejaa maji. Shimo dogo, na maji ya kahawia hadi katikati. Wachimbaji wakasimama tu wakiangaliana. Ninsiima akaomba sufuria nyumba ya jirani, akaingia kaburini na viatu vyake vya Jumapili, akaanza kuchota. Alichota muda mrefu, maji yanarudi, anachota tena. Mwisho wanaume wakaona haya, wakaleta nyasi kavu kutoka chini ya paa, wakatandika. Ndipo akampokea mtoto mwenyewe kwa mikono miwili na kumlaza.

Njiani kurudi alikuwa anatetemeka kwa baridi. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Nikamwambia alisahau kutaja jina la mtoto katika sala ya mwisho.

Ni kweli alisahau. Lakini hilo ndilo neno pekee nililompa, na nimerudi nyumbani nimejichukia.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimempa tisini na moja. Na ile arobaini na mbili ya mahubiri nimeifuta, nikaandika sabini na nane. Lakini hilo ni la msichana. La mama yake liko pale pale.

Alhamisi, 14 Novemba
Ninsiima ana homa tangu siku ya kaburi. Nimempelekea uji wa mtama. Kalala amekunja magoti kama Ezira alivyokuwa akilala chini ya mti wa kanisa mchana. Nimeuweka uji nikaondoka.

Ijumaa, 22 Novemba
Barua nimeiandika, nimeitia sahihi, nimempa Kanoni. Jina la Ninsiima. Hakuna mwingine anayestahili hata nusu yake, nami si mwizi.

Nilipomwambia Kyarisiima kwamba barua ni ya binti na ile toba ni ya mama, akaacha kuchochea maharagwe.

"Hebu nieleze. Siku ile ile wanayomsimika, wewe utasimama useme habari za kuku?"

"Za mama yake."

"Na kuku alibebwa na nani? Mwanamke ana mtoto mgongoni, wewe unamrushia jiwe. Jiwe litachagua?"

"Sitamtaja msichana."

"Mganga alimwona. Mwenye mtumbwi alimwona. Wakiuliza, yeye mwenyewe hatadanganya, umemfundisha hivyo. Ala, Eseza! Alikwambia wewe tu."

Nikamwambia maharagwe yanaungua. Yalikuwa yanaungua kweli.

Ijumaa, 29 Novemba
Wazazi wamefika. Nimemwona. Amenenepa, anatembelea fimbo, lakini sauti ni ile ile ya asali. Alinishika mikono miwili mbele ya watu: "Dada Eseza! Jamani, Mungu ni mwema. Umenilelea mtoto." Ezira alikuwa nyuma yake ameshika mwavuli. Alisema, "Habari za siku nyingi," kisha akatazama mawingu.

Siku nyingi! Kesho.

Jumamosi, 30 Novemba
Naandika kama yalivyotokea.

Ushirika ulianza saa mbili. Ukumbi ulijaa, watu wakakaa hadi madirishani. Walisimama wawili watatu na mambo madogo madogo, mmoja kamdanganya mkewe bei ya mbuzi. Kisha nikasimama mimi. Kanoni akashangaa, maana tangu nije shule hii sijawahi kutubu mbele ya watu.

"Ndugu zangu," nikasema, "namlilia Yesu. Nimemchukia dada yangu Erivaida."

Ilisikika mvua tu kwenye mabati. Erivaida alikuwa benchi la tatu, uso umekauka. Aliyajua maneno hayo, ni yake.

"Nimemchukia miaka ishirini na miwili. Nimemchukia nikilala na nikiamka. Nimemchukia kwa sababu..."

Na hapo nikamwona msichana. Alikuwa mbele kabisa na wenzake, gauni jeupe, viatu vile vile vilivyoharibiwa na kaburi, amevipaka rangi nyeusi vizuri. Alikuwa ameelewa. Alijua neno linalofuata ni lipi na amelitoa nani. Hakunionya kwa macho wala hakutikisa kichwa. Alitoa mikono yake mapajani akaiweka juu ya magoti, viganja juu, akakaa hivyo anangoja.

Nilisimama na ile "kwa sababu" mdomoni. Sijui muda gani. Watu wote walikuwa wameinamia mbele. Hakuna toba isiyo na "kwa sababu", huko kwetu haijapata kusikika. Neno lilikuwa tamu mno ulimini, na nikalimeza. Lilinikwaruza kooni kwenda chini.

"Basi," nikasema. "Nimemchukia. Ni hayo tu."

Nikabaki nimesimama. Hakuna aliyeanzisha wimbo. Kisha, kimoja kimoja, vichwa vikaanza kugeuka. Havikunitazama mimi. Vilimtazama Erivaida. Miaka ishirini na miwili? Kwani mama huyu alifanya nini?

Akanyanyuka na fimbo yake, hana hiari, akaja kunikumbatia. Kichwa kikanifika begani. Akaninong'oneza haraka, pumzi ya moto:

"Sema sababu. Nakuomba. Watadhani kitu kibaya zaidi."

Nilimpigapiga mgongo kama mtoto mwenye kwikwi. Mungu ananiona, dakika ile nilifurahi kuliko ningelimtaja kuku. Ndipo wakaimba.

Ibada ikafuata. Askofu akawawekea mikono wote kumi na wanne, na jina la Ninsiima likasomwa kwa chuo cha uchungaji. Baadaye akaja nyuma ya jiko nilikokuwa nimejificha na kikombe cha uji.

"Mwalimu, sasa niseme?"

"Useme nini?"

"La kuku."

"Kuku gani?"

Akanitazama. Midomo ilianza kumcheza.

"Wewe ulibeba, ukalia, ukatubu kwangu, na mimi ni mtu," nikamwambia. "La kumpeleka baba si lako. Mwenyewe yuko hai, ana mdomo. Nenda ukale, wenzako watamaliza nyama."

Alinikumbatia kwa nguvu, uji ukanimwagikia gauni la sherehe.

Jumapili, 1 Desemba
Nimelala hadi saa tatu.

Jumatano, 4 Desemba
Mvua imekatika. Kyarisiima ametoka sokoni na magunia mawili ya maneno. Wengine wanasema Erivaida alikula sukari ya akina mama. Wengine, alinitilia sumu nikiwa msichana, ndiyo maana sikuzaa. Muuza chumvi anasema ana hakika alimwua mtu. Juzi kamati yake ilikaa na wanawake wanne hawakuja.

"Na wewe wakikuuliza?" akasema.

"Nawaambia yamekwisha."

"Mchawi we!"

Nilicheka mpaka nikashika ubavu. Halafu jioni nikala peke yangu, nikaona chakula hakina chumvi.

Jumapili, 8 Desemba
Nilikwenda Kashekyera. Ninsiima aliniomba, anaaga kanisa la kwao kabla ya kwenda chuoni. Nilikaa benchi la nyuma. Ushirika ukaanza, na Erivaida akasimama bila fimbo.

"Ndugu zangu, mnajiuliza Eseza alinichukia kwa sababu gani. Nitawaambia, maana yeye amekataa." Sauti ya asali haikuwepo. "Mwaka sabini na nne nilitubu mbele yenu kwamba nilimwona akitoka nyumbani kwa mwalimu. Sikumwona huko. Nilimwona barabarani, viatu mkononi, kwa kuwa palikuwa na matope, kama sisi sote tunavyotembea. Ile nyumba niliiongeza mimi. Nilimtaka Ezira." Akavuta pumzi. "Na bado nina la pili, la mganga, mwaka jana, na kuku. Mwanangu hakuwa na uwezo wa kunikatalia. Hilo ni langu peke yangu."

Bibi mmoja mbele yangu akapiga ukelele. Erivaida akafungua mikono, akanigeukia nilipo.

Wakaanza kuimba, na mimi sikunyanyuka. Siandiki uongo hapa. Nilikaa nikamtazama. Waliimba mpaka mwisho, wakarudia kiitikio. Mikono yake ikaanza kushuka, akaipandisha. Nilikumbuka ng'ombe wetu wakiteremshwa mlima, na baba yangu amesimama zizini na kamba tupu. Wakarudia mara ya tatu, sauti zimepungua, kila mtu ananingoja. Mara ya nne mikono ilikuwa inatetemeka vibaya, na hakuna aliyethubutu kumshika. Hapo nikaenda. Sikuwa nimesamehe. Nilikwenda kwa kuwa angeanguka.

Kwa miaka ishirini na miwili nilikuwa nimepanga neno la kumwambia sikioni siku hiyo. Lilipotoka halikuwa lile.

"Ezira alijua?"

"Hakuniuliza," akasema Erivaida. Alikuwa amenielemea na uzito wake wote. "Nilimngoja aniulize. Nilikuwa nimeandaa hata jibu. Hata siku moja hajaniuliza kama ilikuwa kweli."

Nilitazama juu ya bega lake. Kasisi Ezira alikuwa kwenye kiti chake cha mbele, amefumba macho, anaimba sauti ya pili. Anaimba vizuri bado.

Nikamshika Erivaida mkono. Tukatembea pamoja polepole, maana goti lake ni bovu, mpaka mbele ya kile kiti. Wimbo ulipokwisha tulikuwa tumesimama pale sisi wawili, tunangoja afumbue macho.